Tarumbeta la Chini ya Kitanda

Jino la mbele la Anti Araba lilianza kutikisika asubuhi ya Jumamosi, akiwa amekaa kibarazani anakula kenke, donge la unga wa mahindi uliochachuka, kwa samaki wa kukaanga. Alilisukuma kwa ulimi, likaenda mbele, likarudi, kama mlango wa choo usio na komeo. Akaacha kutafuna. Akaliweka tonge juu ya ganda lake la mahindi, akalisukuma tena jino.

"Mama, mbona umeduwaa?" aliuliza Esi, binti yake, aliyekuwa ananyonyesha pembeni.

"Hakuna kitu. Wewe kula, maziwa yatakukauka."

Esi alikuwa amerudi kwa mama yake mjini Winneba kulelewa katika uzazi wake wa kwanza. Kichanga chenyewe, Aba, kilikuwa na wiki mbili na siku mbili, na kilipolala kilikunja ngumi kama mtu aliyekataa kuhongwa. Araba alikuwa anakiogesha mwenyewe kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, maana mikono ya Esi ilikuwa bado inatetemeka.

Lakini jino hilo hakutaka kulisema. Baba yake, Egya Kobina, alimwambia akiwa msichana mdogo: midomo ndiyo hupuliza tarumbeta, lakini meno ya mbele ndiyo hushika. Yakitoka meno, umebaki mpiga filimbi wa kuitia mbuzi.

Na tarumbeta lenyewe lilikuwa chini ya kitanda chake. Egya Kobina alikuwa amelipiga miaka mingi katika bendi ya vinyago, wale wanaovaa nguo za rangi na sura za nyavu za waya, wakazunguka mji mzima Mwaka Mpya unapoingia. Alimfundisha binti yake nyuma ya tanuri la kukaushia samaki, mahali ambapo moshi uliwafukuza watu wa maneno. Araba alikuwa ameshaweza nyimbo saba na nusu baba alipofariki. Ile nusu ilikuwa wimbo wa kuingilia mjini, aliokuwa akiupenda baba kuliko zote. Mzee alikuwa amemwambia, "Usilale nalo muda mrefu, mwanangu. Shaba ikikaa kimya hujila yenyewe."

Araba alilala nalo miaka thelathini na sita.

Haikuwa kwa kupenda. Kulikuwa na watoto, kulikuwa na mume ambaye baadaye alikwenda Tema akasahau njia ya kurudi, na kulikuwa na jiko la shule ya bweni ambako Araba alianza kwa kuosha masufuria mpaka akawa mpishi mkuu, mtu wa kuulizwa chumvi na mtu wa kuulizwa kuni. Kila Januari mosi bendi ilipopita mbele ya lango lake, alisimama pale kwenye nguzo ya kushoto, mikono nyuma, vidole vitatu vikibonyeza hewa mgongoni ambako hakuna aliyeona. Halafu akasema lile neno lake: "Nikistaafu."

Alilisema mara nyingi mpaka wanawake wa jikoni wakaligeuza kuwa la kwao. Sufuria ikichelewa kuoshwa, mmoja angeuliza, "Hii itaoshwa lini?" na wenzake wangeitikia kwa pamoja, "Araba akistaafu!" Yeye mwenyewe alicheka nao. Miaka mitatu tu ilikuwa imebaki. Alikuwa na hamsini na saba, na kwao mfanyakazi anapumzishwa akitimiza sitini. Atapiga tarumbeta asubuhi na jioni mpaka majirani wahame.

Asubuhi ile ile ya jino, Esi alikuwa anajaza fomu ya kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto. Alikuwa na simu mkononi, anahakikisha tarehe.

"Kumi na sita Novemba, Alhamisi. Sawa kabisa, Aba," alikiambia kichanga. "Ukiolewa usiseme mama yako hakujua siku yako." Kwao jina la kwanza la mtoto ni siku aliyozaliwa, nalo halichaguliwi. Wa Alhamisi, akiwa wa kike, ni Aba. Wa Jumapili ni Esi. Wa Jumanne ni Araba.

"Hebu niangalie na yangu," alisema Esi. Akabonyeza. "Jumapili. Simu haidanganyi. Na wewe, Mama, tarehe yako si kumi na tano Juni, sitini na sita?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Esi akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Mama, wewe si Araba."

"Nimekuwa nani tena?"

"Siku hii ilikuwa Jumatano. Ulitakiwa uitwe Ekua."

Araba alicheka, kisha akaacha, maana jino lilimcheza. "Simu yako imechoka. Mimi nimezaliwa Jumanne. Bibi yangu amenisimulia mara mia. Babu alikuwa nyumbani siku hiyo anashona nyavu, kwa sababu Jumanne bahari inapumzika na hakuna mtumbwi unaotoka. Angekuwaje nyumbani Jumatano? Babu yako huyo alikuwa akilala majini!"

"Basi siku ni ya kweli," Esi alisema polepole. "Tarehe ndiyo ya uongo. Nani aliiandika?"

Araba aliliweka kando ganda la kenke. Alikuwa ameikumbuka siku ile. Bibi kamshika mkono, wamesimama kwenye foleni ya kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu mkuu hakuuliza vyeti, hakuna aliyekuwa navyo. Aliwaamuru watoto wapitishe mkono juu ya kichwa washike sikio la upande wa pili. Anayelifikia aliingia, asiyelifikia alirudishwa nyumbani akakue. Bibi alikuwa hana haraka na shule, alimhitaji tanurini kugeuza samaki. Hata alipompeleka mara ya kwanza, mkono wa Araba haukufika, maana alikuwa mtoto wa homa, mfupi, wa mifupa. Akarudishwa. Mwaka uliofuata, akarudishwa tena. Siku ulipofika ulifika kwa ncha ya kidole, na mwalimu akasema, "Haya, miaka sita," akaandika tarehe. Aliwaandikia tarehe hiyo hiyo watoto kumi na wawili waliokuwa kwenye foleni. Darasani walikuwa wakitaniana kwamba wametoka tumbo moja.

Miaka sita. Na mkono ulikuwa umekataa mara ngapi kabla?

"Mlinde mtoto," alimwambia Esi, akaenda kuvaa viatu.

Karani wa kanisa alikuwa anahesabu vitabu vya nyimbo. Aliposikia Araba anataka daftari la ubatizo la zamani, alidhani kuna ndoa. "Nani anaoa, Anti?" aliuliza kwa furaha. "Mimi ndiye ninayetafutwa," Araba alijibu, na karani akadhani ni utani, akacheka peke yake mpaka kabatini.

Walianza na 1966, hakuna. 1965, hakuna. Karatasi zilikuwa zimeliwa kingo na mende, na wino ulikuwa wa rangi ya chai. 1964 na 1963, hakuna. Araba alianza kuona ahueni, akasema labda hakubatizwa hapa. Karani akalamba kidole, akafunua 1962.

"Hii hapa," alisema. "Araba, binti wa Kobina Annobil, mpiga tarumbeta. Amezaliwa Jumanne, tarehe tisa Oktoba."

Akageuza daftari amwonyeshe. Araba aliufuata mstari kwa kidole mpaka mwisho. Aliketi juu ya rundo la vitabu vya nyimbo. Karani hakumkemea.

Sitini na mbili, si sitini na sita. Mwaka huu alikuwa na miaka sitini na moja.

Alihesabu kwa vidole, kama anavyohesabu vikombe vya unga, akapata vile vile. Akarudia kuanzia mkono wa pili. Ile siku aliyokuwa akiingojea, siku ya kuvua aproni na kulitoa tarumbeta, ilikuwa imekwisha kupita. Ilikuwa Oktoba ya mwaka jana, na yeye siku hiyo alikuwa jikoni anagombana na muuza kuni.

Mambo yakaanza kumjia moja moja, na kila lililokuja lilimpiga upya. Alivunja ungo darasa la nne, wenzake wakiwa bado wanacheza kombolela, akadhani ana ugonjwa. Bibi alimtazama tu, akamfunga kitambaa, hakusema. Bibi alijua! Baadaye hedhi ilipokoma, nesi wa zahanati alitazama kadi yake akasema, "Imekoma mapema sana, Anti, una matatizo?" naye akaenda kununua dawa za majani. Magoti yaliyoanza kulia. Kope zilizoanguka. Alikuwa akiuonea mwili haya kwa kuzeeka haraka, kumbe mwili ulikuwa ukisema kweli miaka yote hiyo.

"Anti, nikuletee maji?" karani aliuliza.

"Niletee miaka yangu minne," alisema Araba, na sauti yake ikamshtua hata yeye.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa mkuu wa shule, Madam Gyateh, mwanamke wa miwani mikubwa aliyeogopwa hata na walinzi. Araba hakuwa amelala vizuri. Aliogopa ataambiwa aondoke siku hiyo hiyo, tena kwa aibu, kwamba ameidanganya serikali. Alisimulia yote akiwa amesimama: mkono, sikio, mwalimu, daftari.

Madam alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani. "Nitauliza makao makuu, lakini jibu lao nalijua. Wao wanafuata karatasi ya kwanza uliyoajiriwa nayo. Hiyo haijabadilika, na aliyeiandika ameshakufa. Kwa hiyo usinitetemekee hapa. Una miaka mitatu ya kupika."

Araba alingoja moyo utulie. Haukutulia. Kumbe hilo lilikuwa baya kuliko kufukuzwa! Karatasi ilikuwa na hamsini na saba, na ingengoja bila wasiwasi, kwa sababu karatasi haina magoti. Yeye angefika kustaafu akikaribia sitini na nne, bila jino, tarumbeta limeoza chini ya kitanda.

"Basi, Madam, naomba kila Jumanne na Ijumaa niondoke saa kumi. Chakula cha jioni atakiangalia msaidizi wangu. Nimeshampima, chumvi yake haikosei."

"Unakwenda kliniki?"

"Nakwenda kupiga tarumbeta."

Kalamu ilimtoka Madam Gyateh mkononi, ikaviringika mpaka ukingoni mwa meza, ikaanguka. Hakuna aliyeiokota. Nje, kengele ya mapumziko ililia na watoto wakapiga kelele, na Madam bado alikuwa anamtazama mpishi wake kana kwamba sufuria imezungumza.

"Tarumbeta," alisema mwishoni.

"Ndiyo, Madam."

"Jumanne na Ijumaa," alisema Madam, akainama kutafuta kalamu. "Na ugali wa banku usiungue."

Bendi ilikuwa inafanya mazoezi kwenye uwanja wa nyuma ya soko la samaki. Araba alifika akiwa amebeba kitu kilichofungwa kwa kitambaa, na vijana walipomwona waliweka ala zao chini wakamkimbilia.

"Anti wa jikoni! Umetuletea nini leo? Wali?"

"Mimi nanusa samaki!"

"Hiyo harufu ni yako wewe, uko nyuma ya soko," alisema Araba, akafungua kitambaa.

Tarumbeta lilikuwa limebadilika rangi, kijani kwenye mikunjo, nyeusi kwenye vifungo. Yoofi, kiongozi wa bendi, fundi wa redio mwenye kitambi kidogo, alisogea, akalitazama bila kuligusa.

"Hili ni la Egya Kobina. Baba yangu alikuwa anapiga ngoma nyuma yake." Akashusha sauti. "Unaliuza, Anti?"

"Nimekuja kulipiga."

Mpiga ngoma mmoja alicheka mpaka akaegemea ngoma yake. "Anti, hili si mwiko wa kukorogea banku!"

"Na hiyo ngoma si ukuta, mbona umeiegemea? Isimamishe, kabla sijakuita kuosha masufuria."

Wote walicheka, lakini sasa walimcheka yule kijana. Yoofi hakucheka. Alikuwa na aibu, mtu angeona wazi, maana alimheshimu. "Anti yangu, wanawake wetu wanacheza nyuma ya bendi, wanapendeza sana. Na tumebakiza wiki nne. Haya, puliza basi nisikie."

Vifungo vilikuwa vimekwama. Yoofi alivitia mafuta kutoka kwenye kikopo chake, akavipapasa mpaka vikashuka. Araba aliweka midomo. Alivuta pumzi ya miaka thelathini na sita, akapuliza.

Ulitoka upepo. Halafu ikatoka sauti ya bata anayekanyagwa.

Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo lilimuumiza zaidi. Alijua wimbo wote kichwani, aliusikia mle ndani jinsi ulivyonyooka, akawa hajui umepotelea wapi kati ya kichwa na mdomo.

"Nakwambia ukweli kama mwanao," alisema Yoofi. "Njoo mazoezini. Ukiweza kunipigia wimbo wa kuingilia mjini, mwanzo mpaka mwisho, kabla ya Krismasi, utatembea na bendi. Usipoweza, utacheza nyuma na wenzako, na mwaka ujao tutaona."

"Mwaka ujao sijui nina miaka mingapi," alisema Araba. Yoofi alidhani ni utani.

Alifanya mazoezi kwa wiki tatu. Jumanne na Ijumaa uwanjani, siku nyingine nyuma ya lile tanuri la zamani. Midomo ilivimba, jikoni wakamuuliza ameumwa na nyuki wa wapi. Wiki ya pili alipata nyimbo tatu. Wiki ya tatu, saba. Ile nusu nayo aliipata, na nusu nyingine aliyokuwa hajafundishwa aliichukua kwa sikio kutoka kwa Yoofi, aliyepiga tarumbeta la kuongoza. Kila usiku kabla ya kulala alilisukuma jino kwa ulimi, taratibu, kama mtu anayemgusa mgonjwa aone kama bado ana joto. Esi alimkataza. Hakusikia.

Tarehe ishirini Desemba, katikati ya mazoezi ya ziada ya bendi, alipanda kuifuata noti ya juu. Alisikia kitu kimekatika ndani ya kichwa, tik! na noti ikafa. Alipoondoa tarumbeta mdomoni, jino lilikuwa kiganjani, dogo, la manjano, na damu kidogo kwenye mzizi. Hakuamini ni lake. Alilitazama kama kitu cha mtu mwingine kilichookotwa.

Vijana walizunguka. Yule mpiga ngoma mwenye maneno ndiye aliyemletea maji. Yoofi alikaa chini mavumbini. "Pole, Anti," alisema. "Pole sana." Naye alikuwa na sauti ya mtu aliye msibani.

Nyumbani Esi alimfungulia mlango, akaona mdomo, akaona kiganja, akaanza kulia yeye. Mtoto naye akadakia. Araba akabaki katikati ya wanaolia wawili, macho makavu, ulimi ukienda na kurudi kwenye pengo. Pengo lilikuwa pana ajabu. Ungeweza kupitisha wimbo mzima.

"Ndiyo basi, Mama?" Esi aliuliza baadaye.

"Nipe mtoto nimbembeleze."

Alimbeba Aba begani, akatembea naye uani. Kichanga kilikuwa kinatafuta kunyonya, kikampata bibi yake shingoni. Kilikuwa hakina jino hata moja. Kilibana ngozi kwa pembe ya mdomo, upande mmoja tu, kwa nguvu iliyomfanya Araba aseme "Aa!" Alisimama. Alimtenga mtoto kidogo, akamtazama mdomo. Akamrudisha shingoni, akaacha amvute tena, kwa pembe, kwa fizi tupu.

Akampeleka kwa mama yake, akatoka na tarumbeta mpaka nyuma ya tanuri.

Aliliweka pembeni, upande wa kushoto, mahali ambapo meno yalikuwa bado mazima. Lilikuwa jambo la kuchekesha, shavu limejikunja, jicho moja limefumba, na mbuzi wa jirani walikuja kuangalia. Mara ya kwanza, upepo. Mara ya pili, bata. Mara ya tano ikatoka noti, nyembamba, iliyokaa upande, lakini noti. Araba aliishusha ala, akaitazama kwa mshtuko kana kwamba aliyepuliza ni mtu mwingine nyuma yake.

Siku moja kabla ya Krismasi alimpigia Yoofi wimbo wa kuingilia mjini. Alikosea mara mbili, akaendelea. Yoofi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akawa hakiinui.

"Umeinamia nini? Sema kama haifai, mimi si mtoto."

"Baba yangu alikuwa akisema Egya Kobina anakosea hapo hapo," Yoofi alisema. "Hapo hapo pa pili. Mstari wa mwisho, Anti, kulia. Usije mbele ukanipasua sikio."

Januari mosi, Esi alisimama nje na mtoto mgongoni. Watu wanaotembea juu ya miti mirefu walipita kwanza, wakikanyaga hewa juu ya paa, kisha vinyago vya rangi vikirukaruka, kisha ngoma. Esi aliwatazama wapiga shaba mmoja mmoja asimwone mama yake. Alianza kuogopa kwamba magoti yamemwangusha njiani. Ndipo alipoviona viatu vya mpira vyeupe, vile vya jikoni, vikienda mwisho wa mstari, na juu yavyo mtu aliyejikunja shavu, jicho moja limefumba, jasho likimchuruzika, akipuliza kwa pembe ya mdomo.

Aba alishtuka kwa sauti ile, akapiga kelele. Esi alimpigapiga mgongoni bila kumtazama. Alikuwa anaangalia nguzo ya kushoto ya lango lao, pale mama yake aliposimama kila mwaka, mikono nyuma. Palikuwa patupu, na watoto wa jirani walikuwa wameanza kuipanda nguzo wapate kuona.